Munganga asipime damu tu, apime na musimamo wetu

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani,

Kila mwaka tunapita kwa munganga wa kompani. Anapima damu, anasikiliza kifua, anapiga muhuri: "apte". Miaka yote nimepita pale, hakuna siku waliniambia: simama, funga macho, tuone.

Mwili unasimama kwa vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na habari zenye miguu na viungo vinapeleka mu bongo. Kimoja kikichoka, vingine vinakisaidia. Lakini chini mu giza, macho yanaona tu pale taa ya kofia inafika. Basi sikio na miguu njo vinabeba kazi yote. Na mwenye kuendesha kamioni kubwa anatikiswa siku nzima, mpaka mugongo unaumia. Akianguka kwa ngazi, kapita anasema: "Alikuwa amelewa." Pengine. Lakini nani alimupima mbele?

Kipimo si cha bei. Kuko kimoja kinaitwa Romberg, jina la munganga Mujerumani wa karne ya 19. Unasimama miguu pamoja, unafunga macho, munganga anakaa karibu akushike. Ukiyumba sana, kuko kitu cha kutafuta. Kisha usimame mguu mumoja, uiname, uinuke, aangalie mabega na mugongo. Haiombi mashine, haiombi umeme.

Najua woga wenu: "Wakiona nayumba, watanifukuza." Woga huo uko na maana. Njo sababu wengi wanaficha maumivu. Bibi peke yake anajua, kwa sababu asubuhi yeye njo anamufunga kamba za bote.

Kwa hiyo tuombe mambo mawili pamoja, kwa maandishi. Moja: kipimo cha musimamo kiingie mu visite ya kila mwaka. Mbili: mwenye kuonekana na shida atunzwe, apewe kazi ingine, mushahara usiguswe. Bila hii ya pili, ile ya kwanza itakuwa mutego. Wajumbe wetu mu komite ya usalama wasikubali moja bila ingine.

Na wewe mama, ukiona baba anayumba wakati anafunga macho kunawa uso, ao anashika ukuta usiku, usicheke. Umupeleke kwa munganga mbele shimo halijamuonyesha.