Swali la Mtoto Lisilosikilizwa

Tumepokea kwa masikitiko malalamiko ya mzazi mmoja aishiye London. Alimpeleka binti yake wa miaka minane kwenye hafla ya mtu mashuhuri wa televisheni ambaye sasa huandika vitabu vya watoto. Walisimama foleni kwa muda wa saa mbili. Mtoto alikuwa na swali moja alilolikariri njia nzima: kwa nini yule paka hakurudi nyumbani? Hakupewa nafasi. Kitabu kilitiwa saini pasipo jina lake, wala mwandishi hakuinua uso. Tangu siku hiyo kitabu kimelala rafuni.

Hatusemi kwamba mwenye jina asiandike. Mwaka 2003 Madonna alitoa The English Roses, kikasambazwa katika nchi zaidi ya 100. Biashara hii si ngeni. Lakini Jacqueline Wilson, ambaye umaarufu wake wote umetokana na kalamu, alijulikana nchini Uingereza humo humo kwa kuketi saa nyingi akiwatilia watoto saini. Basi waandaaji wawaeleze wazazi kabla hawajalipa: mtoto atasikilizwa, au atauziwa tu?