Hesabu Nyumbani: Namba Yenye Tarakimu 21

Ndugu msomaji, chukua kalamu na karatasi. Andika 2, uizidishe kwa 2, jibu ulizidishe tena kwa 2, hata mbili zilizozidishana zitimie 67. Kisha utoe 1. Ukiwa na subira utapata 147,573,952,589,676,412,927.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliitaja namba hiyo kuwa tasa, yaani isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Alikuwa mtu wa elimu kubwa, na neno lake likakaa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba namba hiyo si tasa, lakini vigawo vyake hakuvipata. Alikuwa kama mlinzi ajuaye kwamba mwizi yumo ghalani, asijue amejificha nyuma ya gunia gani.

Tarehe 31 Oktoba 1903, mjini New York, Profesa Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahesabu wenzake. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Upande mmoja wa ubao alipiga hesabu ya zile mbili 67, akatoa 1. Upande wa pili alizidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakawa mamoja. Akarudi kuketi, na ukumbi ukampigia makofi. Yasemekana kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Hata sisi twaweza kumkagua Profesa, tena bila kuzidisha. Jumlisha tarakimu za kigawo cha kwanza: ni 37, 3 na 7 ni 10, 1 na 0 ni 1. Cha pili hutoa 64, kisha 10, kisha 1. Basi 1 mara 1 ni 1. Namba kubwa yenyewe hutoa 109, kisha 10, kisha 1. Zimelingana.

Mama mwenye nyumba, njia hiyo hiyo yafaa kwa hati ya dukani, hasa mume akiwa lindoni na fedha ya mwezi iko mkononi mwako. Tuseme umenunua kilo 38 za unga, kila kilo shilingi 2,450, na mwenye duka ameandika 94,100. Thelathini na nane hutoa 2. Bei hutoa 2. 2 mara 2 ni 4. Lakini 94,100 hutoa 5. Mrudishie hati yake kwa upole, kwani jumla ya haki ni 93,100.

Ila jihadhari. Zisipolingana, kosa lipo hakika. Zikilingana, usiseme bado kwamba hesabu ni safi. Kalamu ikiteleza ikaandika 91,300, tarakimu ni zile zile zimebadilishana mahali tu, nazo hutoa 4 vile vile. Hapo hapana budi kuzidisha upya, kama Cole ubaoni.