Barabara ya Amani: Mtaro Kwanza, Lami Baadaye



Hapana mtumishi wa Serikali aliyepata kuhamishiwa Amani asiyeikumbuka barabara ile. Hutoka Muheza penye michungwa, hufika Sigi penye lango la msitu, kisha hupanda kona baada ya kona chini ya miti mirefu, hata kufika penye baridi, karibu mita 900 juu ya bahari. Uzuri wake hausemeki. Lakini masika ikiingia, uzuri huo haumfai mgonjwa ateremshwaye hospitali, wala mkulima wa iliki ambaye mzigo wake umelala topeni.

Kwa hiyo wasemao barabara hiyo iachwe vivi hivi, ili wageni wapate kuitazama, hatukubaliani nao. Kuijenga upya na kuitia lami ni haki ya wenyeji. Neno letu ni juu ya namna ya kuijenga.

Milima ya Usambara ya Mashariki hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Adui mkubwa wa barabara huko ni maji, kuliko magurudumu. Maji yasiyo na mtaro hujitafutia njia: huchimba ukingo, hupenya chini ya lami, na lami ikikosa kitu cha kuilalia hupasuka kama ganda la yai. Wala udongo uliochukuliwa haupotei. Huingia mto Zigi, ambao maji yake hukusanywa katika bwawa la Mabayani kwa ajili ya watu wa mji wa Tanga. Basi mtaro mbovu wa mlimani ni tope katika mtungi wa mtu wa pwani.

Tena barabara isipanuliwe kwa kufyeka ovyo. Msitu wa Amani ulifanywa hifadhi mwaka 1997, nao umekwisha kutufunza. Miti ilipokatwa kwa mbao katika miaka ya 1970, mapengo mengi yalishikwa na mti wa kigeni uitwao Maesopsis eminii, na miti ya asili ikasongwa. Penye wembamba pafanywe mahali pa kupishana magari. Dereva akingoja dakika mbili hana hasara. Mti wa miaka mia ukianguka, hautasimamishwa na fundi yeyote.

Sasa na tujiseme sisi wenyewe. Fedha za kujenga husomwa kwa sauti kuu na utepe hukatwa mbele ya watu. Fungu la kuzibua mitaro husahauliwa. Je, ni nani aandikaye makisio? Ni sisi. Ni nani apitishaye hati ya malipo isemayo kwamba makalvati yamekwisha kutiwa? Ni sisi vile vile. Karani atiaye sahihi kwa mtaro asiouona kwa macho yake amekwisha kuibomoa barabara kwa kalamu, kabla mvua haijanyesha.

Basi yatupasa mambo mawili. Kila makisio ya barabara ya mlimani yawe na fungu la matunzo la kila mwaka, na vibarua wa vijiji vya njiani waajiriwe kuzibua mitaro kabla ya masika. Na hati yoyote isipitishwe mpaka mtu amekwenda kutazama. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mlima, ndugu zangu, haujengeki.