Siku ya Kwanza Ihesabiwe au Isihesabiwe?

Mfanyakazi aliyeanza likizo ya uzazi Machi 1 anaimaliza Mei 23. Jumlisha siku 31 za Machi, 30 za Aprili na 23 za Mei: unapata 84, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka. Sasa iambie kanzidata itoe Machi 1 katika Mei 23. Itajibu 83. MySQL itajibu hivyo, PostgreSQL hivyo hivyo, wala hazijakosea. Zimetoa tarehe kwa tarehe, na siku ya kuanzia haikuingia kwenye hesabu.

Kazi yangu hapa Mpanda ni kuandika programu za kumbukumbu za maghala na nyumba za wageni. Kauli inayoniuma kuliko zote ni "ndivyo mfumo unavyosema". Mkulima wa Nsimbo aliyehifadhi mahindi anadaiwa siku moja zaidi ya alizohesabu mwenyewe, anauliza, anajibiwa hivyo, analipa. Mfumo hauna kauli. Kuna mtu aliyeamua kwamba siku ya kuingiza mzigo inalipiwa, au hakuna aliyekumbuka kuamua.

Usiku ndio mgumu zaidi. Ukiiuliza SQL Server idadi ya siku, gunia lililoingia saa 5:50 usiku na kutoka saa 6:10 limekaa siku moja, ingawa ni dakika 20 tu, kwa kuwa inahesabu ni mara ngapi tarehe imebadilika. Tena seva nyingi hutunza saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Mtoto aliyezaliwa hapa Julai 1 saa nane usiku ataonekana wa Juni 30 iwapo mwandishi wa programu hakuigeuza saa hiyo, na tarehe zake za chanjo zitapangwa kuanzia hapo.

Wanasheria walishalimaliza swali hili la siku ya kwanza: katika Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, siku ya kuanzia haihesabiwi. Nyumba za wageni huhesabu usiku uliolalwa. Maghala nayo yaseme, na yaseme kwenye stakabadhi, kabla gunia halijashushwa.

Nasi tunaoandika programu tuna wajibu wetu. Tujaribu kwanza mzigo ulioingia na kutoka siku hiyo hiyo. Jibu likija sifuri, twende kwa mwenye ghala, wakulima wakiwepo, tuwaulize kama sifuri ndiyo waliyokubaliana.