Amani Isiyojua Kulia

Siku hizi katika sharika zetu za Kibaha tunasikia maneno ambayo wazee wetu hawakuyasikia. Msharika anamwambia mwenzake baada ya ibada kwamba amani imo ndani yake mwenyewe, atulie, avute pumzi, aitafute humo. Mwingine akipatwa na jambo anasema ni karma. Kijana anayeamka saa kumi alfajiri pale Maili Moja ili awahi kazi Dar es Salaam, njiani anasikiliza kwenye simu mafundisho ya walimu wa India, na hafichi kwamba yanamtuliza kuliko mahubiri. Tukimuuliza sababu, jibu lake ni fupi: huko hakuna anayempigia kelele.

Wapo watumishi wanaolimaliza jambo hili kwa neno moja, mapepo, kisha wanaendelea na matangazo. Hatukubaliani nao. Wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892, na baadaye mmisionari wa Misheni ya Berlin, Martin Klamroth, alichukua taabu ya kuwasikiliza Wazaramo na kuandika kwa urefu juu ya imani zao. Kama yeye aliweza kujifunza habari za mizimu ya Uzaramo, sisi tuliokaa chuoni miaka tunashindwaje kuifungua Bhagavad Gita na kuisoma kabla ya kuipinga?

Tuanze kwa haki. Wahindu wenye mahekalu yao mtaa wa Kisutu hawajaja Kibaha kumshawishi mtu. (Wala si kila Mhindi ni Mhindu. Wapo Waismailia, Mabohora, Singasinga, na Wagoa walio Wakatoliki. Kosa hili tumelisikia hata mimbarini.) Mafundisho haya yametufikia kwa kuzunguka. Mwaka 1893 Swami Vivekananda alihutubia mkutano mkubwa wa dini mjini Chicago, na tangu hapo falsafa ya Kihindu ikapata wasikilizaji wengi Marekani na Ulaya. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na hapa Tanzania nayo huadhimishwa. Kinachofika kwenye simu ya kijana wetu kimekwisha kumenywa. Kuzaliwa tena na tena hakutajwi, matabaka hayatajwi, imebaki pumzi na utulivu. Mhindu anayefunga na kusali kwa bidii angekishangaa kama sisi.

Basi tusome chenyewe. Katika Gita, shujaa Arjuna amesimama kati ya majeshi mawili. Anawaona ndugu zake upande wa pili, na mikono inamlegea. Krishna, anayemwendeshea gari la vita, anamfundisha kutenda wajibu wake bila kuyashika matunda ya kazi yake. Ni fundisho zito, wala hatulidharau. Mlutheri akilisikia anaweza kudhani yuko nyumbani, maana mwaka 1520 Luther aliandika juu ya uhuru wa Mkristo kwamba mwamini hatendi mema ili ajipatie kitu, kwa kuwa katika Kristo amekwisha kupewa vyote.

Lakini tuulize tunda hilo likiachiliwa linakwenda kwa nani. Mkulima wa mihogo wa Maneromango atauliza swali hilohilo. Kwa Gita, kutoyashika matunda kunafungua vifungo vya karma, nafsi itoke katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Inataja pia manufaa ya ulimwengu, na ni haki kulisema hilo, ila mwisho wa safari ni kufunguliwa kwa yule anayetenda. Kwa Luther tunda linaachiliwa kwa sababu lina mwenyewe, naye ni jirani. Mungu hana haja na matendo yetu mema. Mwenye haja nayo ni mgonjwa wa nyumba ya pili. Kwa hiyo kijana anayeuliza ameletwa duniani kufanya nini hatumwambii azame ndani ya nafsi yake. Tunamwonyesha mama yake, watoto anaowafundisha, abiria anaowaendesha. Huo ndio wito, na hautokani na tabaka alilozaliwa. Katika Gita wajibu wa mtu umefungamana na tabaka lake. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, alizaliwa kati ya watu walioitwa wasioguswa, na mwaka 1956 aliuacha Uhindu pamoja na maelfu kwa maelfu ya wenzake wakawa Wabuddha. Wanaotuhubiria kusudi la maisha kupitia simu hawamtaji.

Sasa twende msibani, maana huko ndiko mafundisho hupimwa. Mama amemzika mtoto wa miaka minne. Ukiichukua karma yote, siyo kipande, hapo kuna deni lililolipwa, la maisha haya au la yaliyopita. Nani atasimama mbele ya mama huyo aseme hivyo? Wanafunzi walimletea Yesu swali la namna hiyo walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, katika Yohana 9: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu alikataa hesabu hiyo, akatema mate, akafanya tope, akampaka macho. Krishna anamwambia Arjuna kwamba wenye hekima hawawaombolezi wafu wala walio hai. Yesu alikwenda kaburini kwa Lazaro akijua kwamba baada ya muda mfupi atamwita atoke, na bado akalia. Amani inayotutaka tusiumie kwa ajili ya mtu si ile aliyotuachia yeye.

Wale wanaopiga kelele za mapepo wajisikilize pia. Mahubiri ya kupanda mbegu yanamwambia maskini kwamba atoe atapata, na asipopata, kasoro ni yake, au iko kwenye ukoo wake. Hiyo ni karma iliyovaa suti. Afadhali ya Gita, ambayo angalau inakataza kuyang'ang'ania matunda.

Wala tusidhani kwamba neema haikuulizwa kamwe kule India. Kusini mwa nchi hiyo wafuasi wa Ramanuja walibishana na kugawanyika. Wengine walisema Mungu huokoa kama nyani, mtoto sharti amshike mama yake. Wengine wakasema ni kama paka, mama humchukua mtoto kwa kinywa, mtoto hana alichofanya. Luther angeliwasimamia wa paka bila kusita. Tofauti yetu ni kwamba sisi tunamtaja anayetubeba kwa jina, naye ana makovu ya misumari mikononi. Amani yetu iko kwake, nje ya nafsi zetu, ndiyo maana inabaki siku ambayo ndani hakuna kitu cha kutafuta. Aliyewahi kukosa usingizi wiki nzima anajua kulivyo humo ndani.

Kuvuta pumzi taratibu si dhambi, na mwenye shinikizo la damu afuate ushauri wa daktari wake. Lakini lile la kelele kijana amelisema sawa. Makanisa mengi, Kibaha hata Masaki (ya Kisarawe, si ile ya Dar es Salaam), yana kufuli kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili spika zinasikika hadi barabarani. Mabaraza ya wazee yafungue mlango saa kumi na moja alfajiri, taa moja iwake, Zaburi isomwe bila kipaza sauti, kisha watu waachwe wakae kimya dakika kumi bila mchungaji kusema neno. Saa hiyo wanaopita kuwahi magari ya mjini ni wengi, na baadhi yao ni washarika wetu.