Tuta la Tana: Aulizwe Aliye Ukingoni

Ndugu msomaji, sisi wa pwani tumezoea kudhani kuwa maji ya kuogopwa ni ya bahari tu. Hebu tazama Garissa. Mji ule uko mbali na mawimbi, umezungukwa na nyika kavu, na bado watu wake hulala na hofu ya maji: maji ya Mto Tana. Wazee wanayakumbuka mafuriko ya 1961, kisha ikaja El Nino ya 1997 na 1998. Mwishoni mwa 2023 Tana ulifurika tena, na mwezi wa Aprili 2024 ukarudia. Barabara ya Nairobi ilikatika upande wa Madogo, watu wakavushwa kwa mashua, na tarehe 28 mwezi huo mashua moja ikapinduka Kona Punda, roho zikapotea.

Baada ya msiba kama huo hakosi wa kusema: na lijengwe tuta kando ya mto. Mimi silipingi tuta. Nauliza tu: nani ataulizwa lipite wapi?

Maana maji yakizuiliwa ng'ambo hii, hujitafutia njia ng'ambo ya pili. Garissa iko ukingo wa mashariki, na ina kaunti yake. Mororo na Madogo ziko magharibi, katika Kaunti ya Tana River. Baraza la upande mmoja likikata shauri peke yake, huenda likaziokoa bulla zake kwa kumzamisha jirani.

Kisha pana mkulima wa ndizi na maembe, ambaye yuko ukingoni kwa sababu mto ndio umletea maji na rutuba. Pana mfugaji, ambaye mifugo yake hushuka mtoni kwa njia ziitwazo malka. Tuta lisiloacha malka litamfungia maji wakati wa kiangazi. Pana Mmunyoyaya mwenye mtumbwi, aujuaye mto kama kiganja chake. Je, hao wote watasikilizwa, au wataonyeshwa ramani iliyokwisha kutiwa sahihi?

Tena Tana hauanzii Garissa. Huko juu yapo mabwawa ya umeme: Kindaruma tangu 1968, Masinga tangu 1981, Kiambere tangu 1988. Masinga likijaa likamwaga, maji hayafiki Garissa papo hapo. Muda huo ni mali: ni wa kuhamisha mtoto, mbuzi na godoro, maadamu habari imeyatangulia maji. Basi wenye mabwawa nao wakae barazani.

Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kuyatunza mazingira yao. Lakini kuwaita watu hotelini asubuhi ya kazi, wakasomewa makaratasi ya Kiingereza, si kushauriana. Baraza na liwe chini ya mwembe, kingo zote mbili, kwa Kisomali, Kimunyoyaya na Kiswahili, na akina mama wasemeshwe, kwani ndio wabebao watoto maji yanapoingia nyumbani.

Chuoni tulifundishwa kuwa sura ya 42 yaitwa Shura, yaani mashauriano. Shauri hutangulia uamuzi. Likija baadaye, hilo ni tangazo. Na wahenga walikwisha kusema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.