Kuifikia Injini ya Lori la Kimo Kirefu

Makala kuhusu kuifikia injini ya lori la kimo kirefu imeeleza vyema hatari ya fundi kuanguka, lakini imeyapita haraka malori yanayotoka Malaba kupitia Jinja kwenda Kampala, ambayo mengi injini yake hukaa chini ya kichwa, yaani chumba cha dereva, kinachoinamishwa mbele kwa pampu ya haidroli. Hapo hatari kubwa ni kubanwa, kwa sababu kichwa kilichoinuliwa nusu huweza kutegemea shinikizo la mafuta tu, na paipu iliyochakaa ikipasuka kitamshukia fundi. Ndiyo maana lazima kifikishwe mwisho na kufungwa kwa nondo ya usalama, chuma kinachokizuia kisirudi, kabla ya mtu yeyote kuingia chini yake. Kwa malori ya boneti, fundi wa Mbale anayekanyaga bampa au tairi lenye grisi, viatu vikiwa na tope la msimu wa mvua, anastahili jukwaa pana lenye miguu imara, linalomwachia mikono yote miwili kwa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamwajibisha mwajiri kuweka mahali salama pa kazi, na wajibu huo hauishii kwenye malango ya viwanda vya Jinja. Unazihusu pia gereji za kando ya barabara, ambako vijana hujifunzia ufundi.